Klabu Iliyoitwa Jumapili

Taarifa ilimfikia Salim kwanza. Alikuwa jikoni akimenya vitunguu, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari, na mimi nilikuwa chumba cha pili nikipiga pasi. Nilimsikia akisema "Innalillahi" kwa sauti asiyoitumia kwa kifo cha mtu wa mbali. Alipokuja mlangoni bado alikuwa ameshika kisu. "Kocha Musa," akasema. "Alfajiri ya leo, huko Leicester. Maziko ni kesho baada ya adhuhuri." Nikaizima pasi. Hatukuulizana kama tutakwenda. Mimi na mume wangu tumeishi pamoja miaka mingi, tumelea mtoto, Rahma, anayetuelewa kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza, tumefiwa na wazee wetu kwa simu, na katika muda wote huo jina la Musa Faki tulikuwa tukilitaja mbele ya watu tu, katika visa vya kuchekesha. Tukibaki wawili hatulitaji. Usiku huo niliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nataka kuueleza mwaka mmoja tu. Nilikotoka na nilivyofika London si kisa cha pekee; kila nyumba ya Kizanzibari hapa ina chake na vyote vinafanana. Mwaka huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nakaa Hounslow katika chumba kilicho juu ya duka la kuku wa kukaanga. Ndege za Heathrow zilikuwa zikipita juu ya paa letu, chini kabisa, hata kijiko kikawa kinalia ndani ya kikombe. Nilikuwa nikitandika vitanda katika hoteli ya karibu na uwanja wa ndege, kisha wakaniingiza ofisini kwa sababu Kiingereza changu cha kuandika kilikuwa kizuri. Nguo zangu zote zilinuka mafuta ya kuku, na kazini nilijipulizia manukato mpaka msimamizi wangu akaniuliza kama nina harusi. Wanaume wetu wa wakati huo walikuwa wapagazi, walezi wa wazee, wafagiaji wa viwanja vya ndege, na siku ya Jumapili walikuwa wanakutana kwenye bustani moja kucheza mpira. Wapemba, Waunguja, Wakenya, na Wakongo wawili waliokuwa wakijua mpira kuliko wote. Walipotaka kuipa timu jina waligombana kama watoto wa mke mkubwa na mke mdogo. Kila upande ulileta mji wake, mto wake, mnyama wake. Mwishowe Kocha Musa akauliza, "Tunacheza lini?" Wakamwambia, Jumapili. "Basi ndilo jina, tuanze." Baadaye tulipoingia ligi ya Jumamosi jina likabaki vilevile, na kila mwamuzi wa Kiingereza alilitamka kwa namna yake.

Musa alikuwa Mpemba wa makamo, mfupi, na koti lake la kazini lenye mistari inayong'aa hakulivua hata kwenye joto. Akipakia mizigo usiku, akilala mchana. Uwanjani hakupiga kelele. Alikuwa anamwita mchezaji mmoja mmoja, anamshika bega, anamnong'oneza sikioni, na yule anarudi mchezoni akiwa mtu mwingine. Nilimwuliza siku moja anawaambia nini. "Nawambia wenzao wanawategemea," akasema, "hata kama si kweli." Ndiye aliyeniingiza mimi. Bustani ilikuwa ikisimamiwa na ofisi moja ya mtaa, na ofisi ile ilikuwa ikituhamisha kila mara kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuzungumza nayo. "Mwanangu," akaniambia, "wewe umesoma. Tusemee." Nikapiga simu nikiwa katika mapumziko ya kazini, nikatumia sauti ile ya ofisini, na kiwanja kikawa chetu kwa msimu mzima. Siku ya pili wachezaji walinipigia makofi wakiliita jina langu, Zuhura. Sikuwahi kupigiwa makofi maishani mwangu. Kuanzia hapo nikawa katibu, na nikaipenda kazi hiyo kwa namna ambayo sasa naiogopa.

Aliyetufanya tuwe klabu ni Mzee Jayanti. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kisumu, mwenye duka la vyakula katika barabara kuu ya Kingsbury, na mmoja wa Wakongo wetu alikuwa akimbebea magunia. Alikuja mara moja kumtazama kijana wake, akasimama kwenye mvua na mwavuli wa mke wake wenye maua. Mchezo ulipokwisha akatuita. "Nimeona timu nyingi namna hii," akasema kwa Kiswahili cha bara ambacho hakijapata kutu. "Mtu mmoja anaibeba. Akihama, akiugua, akioa, imekwisha. Nyinyi mnataka kucheza mpira ama mnataka klabu?" Nilikuwa wa kwanza kujibu kwamba tunataka klabu. Akatupa chumba cha nyuma ya duka kila Jumatano jioni. Tulikuwa tunavuka nusu ya London kukifikia, tunakaa juu ya magunia ya dengu, harufu ya kiungo cha mvuje inatupanda puani, na yeye anatuletea muhogo wa kukaanga wenye pilipili ambao Wahindi wa huku wanauita mogo. Musa alicheka mpaka akatokwa na machozi alipolisikia jina hilo mara ya kwanza. "Hata muhogo," akasema, "ukifika Ulaya hubadili jina!" Sote tulicheka. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa akijisema mwenyewe.

Chumbani humo ndimo tulimojifunza namna klabu inavyoishi. Mzee Jayanti hakutaka kusikia habari ya kuwalipa wachezaji. Alitaka kujua nani atapika chai, nani atafua jezi mwaka ujao na mwaka wa pili yake, na watoto wa kesho watatoka wapi. Musa akasema chai peke yake haitoshi, akaanza kupika urojo, ule mchuzi wetu wa Zanzibar wenye viazi na bajia, kwenye sufuria kubwa aliyoazima msikitini. Basi jamani, timu za Kiingereza zilizokuja kutufunga zilibaki kula urojo. Mabeki wakubwa wenye mashavu mekundu walisimama na bakuli wakiuliza kuna nini ndani, na Musa akiwajibu kila mmoja jambo tofauti. Pesa za sufuria ile zilituendesha majira yote ya baridi. Salim, aliyekuwa nahodha, kijana wa Mombasa mwenye maneno mengi, alikuwa akikata viazi huku akinitazama, na mimi nilijifanya sioni. Nikiukumbuka mwaka ule bila ya mwisho wake, naona ndio mwaka nilioishi vizuri kuliko yote.

Kupanda ligi ndiko kulikoleta mambo. Tulikuwa tunashinda, na ligi ya juu yake ilitaka uwanja wenye uzio na vyumba vya kubadilishia nguo. Mzee Jayanti akasikia kwamba huko Neasden, nyuma ya mitaa inayolitazama lile hekalu jeupe la Wahindi, kuna uwanja wa wafanyakazi wa kiwanda kilichofungwa zamani. Wanachama waliobaki walikuwa wazee, na mama mmoja anayeitwa Maureen ndiye aliyekuwa akiukata majani na kufungua milango. Nilikwenda na Salim, maana Musa alikuwa amelala baada ya zamu. Maureen alitutembeza. Kulikuwa na jukwaa dogo la mbao, taa mbili zinazofanya kazi, vyumba vyenye harufu ya sabuni ya kale. Salim alitia mkono kwenye uzio wa chuma uliozunguka uwanja, akatembea nao mpaka upande wa pili, hakuubandua mkono wake, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyekuwa akimtamani sokoni. Kisha tukanywa chai na biskuti, na Maureen akatueleza. Halmashauri, ambayo sasa ndiyo yenye ardhi, itautoa uwanja kwa muda mrefu kwa klabu yoyote itakayoanzisha timu za watoto wa mtaa. Na wote watakaowafundisha watoto hao lazima wasajiliwe kwa majina yao ya kweli, wachunguzwe na serikali. "Wote watakaowafundisha watoto," alisema. Namsikia mpaka leo. Salim alikuwa amekaa ubavuni pangu, naye alimsikia.

Nilimwambia Musa kwa simu kwamba kuna mambo ya usajili. Asubuhi ya pili akaja Hounslow moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu, mkononi mkate wa boflo. Nikamkaribisha jikoni, jiko la pamoja tulilokuwa tukitumia wapangaji wote, nikachemsha chai ya tangawizi. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili na hakunywa. "Mwanangu," akasema, "kule kazini miye si Musa."

"Sijakufahamu, ami."

"Natumia karatasi za mtu. Maombi yangu ya ukimbizi walikwisha kuyakataa. Wakili kakata rufaa, ananambia nisubiri, kuna matumaini. Nikitoa jina langu kwa serikali sasa hivi watanijia. Na jina la yule mtu siwezi kulitumia mbele ya watoto wa watu. Hilo ni haramu, tena ni hatari kwenu."

Nikamwuliza anataka nifanye nini. "Nipe muda tu," akasema. "Watoto wafundishwe na mwengine. Miye niachie hawa wakubwa mpaka wakili apate jibu. Mke wangu na binti yangu wako Pemba, wananingoja miye. Siwezi kucheza na jambo hili." Kisha akaumega mkate, akanipa kipande kikubwa. Nikamwambia, "Inshallah, tutaona." Alinishukuru kwa maneno hayo. Alikunywa chai, akaniombea dua nipate mume mwema, akaenda kulala.

Nimejieleza mara nyingi kwa nini nilifanya nilichofanya, na kila mara nakuja na sababu mpya. Mwezi uliotangulia, maofisa wa uhamiaji waliingia hotelini kwetu wakawachukua wanawake watatu niliokuwa nikitandika nao vitanda, mmoja wao akiwa bado na shuka mikononi. Niliogopa, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Niliona wakija Neasden siku ya mechi, mbele ya Maureen, na kila kitu kikifungwa. Lakini wiki hizohizo Musa alikuwa amemchezesha mpwa wake ambaye hakuwa amefanya mazoezi, akaivunja kanuni niliyoiweka mimi, na nilipolalamika akanicheka mbele ya vijana. "Bi Katibu kakasirika," akasema, kwa upole wake uleule, na vijana wakacheka. Nilikwenda nyumbani na kicheko kile. Nilikuwa msichana ambaye kwa mara ya kwanza watu wazima walikuwa wakimsikiliza, na nilitaka klabu safi, iliyonyooka, ambayo Mwingereza akiifungua aone kila kitu mahali pake. Musa hakuwa na mahali ndani ya picha hiyo. Ni sababu ipi iliyokuwa na uzito zaidi, sijui. Najua tu kwamba hofu ndiyo ninayoitaja kwanza kila ninapojitetea.

Jumatano ile chumba cha nyuma kilijaa. Nikasimama nikaeleza habari ya uwanja, na watu wakashangilia hata mteja mmoja akaja kuchungulia. Kisha nikasema kwamba kila mtu mwenye kazi katika klabu lazima asajiliwe kwa jina lake na achunguzwe, kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee Jayanti akaliweka sinia lake chini. "Kila mtu?" akauliza. "Hata wa timu ya wakubwa?"

"Kila mtu," nikasema.

Nilimtazama Salim. Alikuwa akiutazama muhogo uliokuwa mkononi mwake. Mmoja wa wachezaji akasema kwa mzaha, "Kocha, haya, upigwe picha sasa!" Musa alikuwa amekaa karibu na mlango juu ya gunia la mchele. Alinitazama kwa utulivu, muda wa kutosha kwa mimi kulirudisha neno langu, na sikulirudisha. Kisha akainuka, akafunga zipu ya koti lake. "Miye umri umekwenda," akasema. "Kazi za usiku na mpira haziendi pamoja. Mtafuteni kijana." Watu wakapiga kelele, wakamshika mikono, wakamwambia ana kiburi, anawaacha wakati wa neema. Mzee Jayanti alimfuata mpaka barabarani. Mimi ndiye niliyejua kwa nini anaondoka, na nilibaki nikikusanya vikombe. Wengine walimsema vibaya kwa miezi: Kocha kakimbia, Kocha kaona wivu. Niliwaacha waseme.

Siku chache baadaye nilikwenda kwenye chumba alichokuwa amepanga. Nilikuwa nimebeba maneno ya kumwambia, sikumbuki yepi. Mwenye nyumba akanionyesha kitanda kisicho na shuka. Alikuwa amekwisha kuondoka London, hakuacha anwani. Jikoni mlikuwa na sufuria ile kubwa ya msikitini, imesuguliwa mpaka inang'aa. Nikaibeba kwenye basi nikairudisha.

Uwanja tukaupata. Hili lazima nilieleze pia, kwa sababu ni kweli. Tulimaliza msimu ule na kocha kijana mwenye cheti, tukapanda. Watoto wa mtaa wakaja, Wasomali, Wahindi, Waairishi, wa kwetu, kwanza wachache kisha wengi hata tukagawa siku. Maureen alizeeka akizungukwa nao. Mzee Jayanti alifariki, na wanawe wakaendelea kuisaidia klabu bila ya kuombwa. Leo ninapokwenda Jumamosi nakuta katibu nisiyemjua akigombana kwenye simu na mtu wa ligi, vijana wa miaka kumi na minane wakiwafundisha wa miaka saba, na hakuna hata mmoja kati yao anayeijua klabu kwa jina langu wala la Salim. Tulichokitaka kimekuwa. Mara nyingi nimewatumia watoto hao kama mashahidi wangu. Nawatazama wakikimbia, najiambia, kama ungesema vingine siku ile pengine haya yote yasingekuwepo. Halafu nakumbuka kwamba Maureen aliwataja walimu wa watoto tu, na "kila mtu" lilikuwa neno langu. Musa angeweza kubaki. Uwanja tungeupata vilevile, na yeye angekuwa amesimama pale pembeni na koti lake.

Tulipokuwa njiani kwenda Leicester mvua ilinyesha njia nzima. Salim aliendesha bila ya kufungua redio. Tulipokuwa tumeipita nusu ya safari akasema, macho yake barabarani, "Mama Rahma, mimi nilimsikia yule mama wa uwanja alivyosema."

"Najua ulisikia."

"Wala sikusema kitu. Niliutaka ule uwanja. Nilikuwa nishauona, nishautia mkono." Akapunguza mwendo. "Nikajiambia, Zuhura ndiye anayejua Kiingereza. Labda mimi ndiye sikufahamu."

"Ulifahamu."

"Nilifahamu," akasema. Nikamwekea mkono begani, naye akauacha hapo. Ilikuwa mara ya kwanza kulizungumza jambo lile tangu tuoane, na lilikwisha kwa maneno machache hayo. Nilishangaa kwamba lilikuwa fupi kiasi hicho.

Wanaume walikwenda makaburini. Mimi nikaonyeshwa nyumba ya marehemu, ambako wanawake walikuwa wakisoma Kurani. Jikoni nikamkuta binti yake, Asha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono imejaa mchuzi, akipakua chakula kilicholetwa na majirani. Nilimpa pole, nikamwambia nilimjua baba yake London, zamani, katika mpira. Akasita. "Mpira?" akaniuliza, kisha akaingia kwenye Kiingereza. "Baba hakuwa mtu wa mpira. Ukiwekwa kwenye televisheni alikuwa anatoka nje."

Ningeweza kuishia hapo. Ningeweza kusema labda nimekosea mtu. Badala yake nikamweleza, nikiwa nimesimama kati ya friji na mlango, yote: timu, chumba cha nyuma ya duka, asubuhi ile ya chai, neno langu. Nilimwambia baba yake aliianzisha klabu ambayo bado ipo, na mimi ndiye niliyemtoa. Aliendelea kupakua huku akinisikiliza. Nilipomaliza aliosha mikono yake, akaipangusa taratibu.

"Rufaa yake ilikubaliwa majira ya machipuo yaliyofuata," akasema kwa Kiingereza. "Najua, kwa sababu ndipo alipoanza kutushughulikia mimi na mama tuje. Ilikuwa miezi michache tu." Akanitazama. "Ulikuwa unajua?"

"Kuhusu rufaa nilijua. Kuhusu jibu, ndiyo kwanza nasikia."

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Sina mwengine wa kumwambia."

Sebuleni sauti za wanawake zilipanda pamoja zikashuka. "Miye siwezi kukusamehe kwa ajili yake, shangazi," akasema, mara hii kwa Kiswahili, Kiswahili cha Pemba kama cha baba yake, na nadhani alikichagua makusudi ili nisipate pa kukimbilia. Kisha akanisogezea sinia lililojaa sahani. "Kinamama wa kule ndani hawajala. Wapelekee."

Nikalichukua. Nilipita katikati ya miguu na mabuibui, nikiinama kwa kila mmoja, na bibi mmoja mzee sana aliyekaa ukutani akanishika kanga. "Na wewe mwanangu n'nani wake marehemu?" akauliza. Wanawake wa karibu wakageuka kunisikiliza.

"Nilikuwa katibu wake," nikasema.

Hakunifahamu. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu tu, akajisogeza kwenye mkeka ili nipate pa kukaa. Nikamshukuru. Sikukaa, nilirudi jikoni kuchukua sahani nyingine.